Niliuliza "Kuna swali?", wote wakanyamaza

Kwa miaka kadhaa nimeongoza timu ambayo sijawahi kuiona yote ndani ya chumba kimoja. Watu kumi na mmoja, nchi sita, na lugha ya kazi ni Kiingereza ambacho wengi wetu tulikikuta darasani. Nilijiona bosi mwema. Sifoki, sinuni, na kila mara nawaambia mlango wangu uko wazi. Mlango gani, hata sijui, maana kila mtu alikuwa nyumbani kwake.

Kuna wakati tulikuwa tunahamisha kumbukumbu za wateja kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Nikaeleza mpango, nikauliza, "Kuna swali?" Kimya. "Basi tuko pamoja," nikasema, tukaagana. Wiki mbili baadaye wateja wakaanza kudaiwa malipo ambayo muda wake haujafika. Mfumo wa zamani ulikuwa unaandika mwezi kwanza, mpya unasoma siku kwanza, kwa hiyo 3 Aprili ikageuka 4 Machi. Tarehe zilizozidi 12 zilikataliwa, tukazirekebisha kwa mkono tukidhani ni kasoro ndogondogo za kawaida. Zile za 12 kurudi nyuma zilipita kimyakimya.

Nikaufukua waraka wa mpango. Pembeni nikakuta maoni ya mwenzetu mmoja, ameyaandika siku nne kabla ya kikao: "Labda ingefaa tuitazame tena safu ya tarehe, kama muda utaruhusu." Chini yake jibu langu: alama ya dole gumba.

Nikampigia simu. Kwa nini hukusema kwenye kikao? Akakaa kimya kidogo, halafu akajibu, "Nilisema."

Neno hilo lilinikaa. Kwake yeye, kumwambia kiongozi "labda ingefaa" ilikuwa ni kupiga kengele. Mimi niliona adabu tu.

Tulichokosa, wanaosomea mambo haya wanakiita usalama wa kisaikolojia: watu katika timu kuamini kwamba hawataaibishwa wala kuadhibiwa kwa kuuliza, kukiri kosa au kupinga. Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard ndiye aliyelipa jina hilo uzito kwa makala yake ya 1999. Kabla ya hapo alichunguza makosa ya dawa hospitalini akitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache, akakuta kinyume: zilizoelewana vizuri ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba huenda hazikuwa zikikosea zaidi, bali zilikuwa zikisema. Tangu nisome hilo, ripoti isiyo na tatizo hata moja hainifurahishi tena.

Timu ya mataifa mbalimbali ina mzigo wa ziada, nao ni lugha. Mfano ulioniogopesha ni ajali ya Tenerife, kisiwa cha Hispania, ya 1977, ndege mbili kubwa zilipogongana kwenye njia ya kurukia penye ukungu wakafa watu 583. Rubani msaidizi wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, Mholanzi anayezungumza Kiingereza redioni, alitoa taarifa ambayo ingeweza kumaanisha kwamba wako tayari kuruka au kwamba wameshaanza kuruka. Mnara wa kuongozea ndege ukaelewa la kwanza. Mhandisi wa ndege akamuuliza rubani wake kama ile ndege nyingine haijatoka njiani. Aliuliza, hakusema "simama". Rubani, mtu mzito katika shirika lake, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Hakuna aliyeongeza neno. Sisi tunacheza na tarehe tu, lakini "labda ingefaa" ya mwenzangu ni ndugu wa swali lile.

Kosa langu la kwanza katika kurekebisha lilikuwa kuwaita watu kwa majina katikati ya kikao: "Na wewe unaonaje?" Nilidhani nawapa nafasi. Mmoja akaniambia faraghani kwamba tangu nianze mtindo huo hawasikilizi tena wenzake, anakaa akitunga sentensi yake ya Kiingereza akisubiri zamu. Nikaacha.

Kilichosaidia ni kitu kisicho na mbwembwe: maandishi kabla ya maneno. Siku moja kabla ya kikao natuma swali moja, na si "mna maoni?" bali "mpango huu ukiharibika, utaharibikia wapi?" Swali la namna hiyo linadhani tatizo lipo, kwa hiyo anayelitaja hapingani na mimi, ananijibu. Kila mtu anaandika kwa wakati wake, akitaka kwa lugha yake, kisha kikao kinaanzia kwenye yale yaliyoandikwa. Mimi nasema mwisho. Hili la mwisho lilinitesa kuliko yote.

Nilisikiliza pia rekodi ya kile kikao cha tarehe. Kati ya "Kuna swali?" na "Basi tuko pamoja" zilipita sekunde nne. Mtu anayetafsiri kichwani hajafika hata katikati ya wazo. Sasa nahesabu hadi kumi na tano, na wenye Kiingereza cha kuzaliwa nimewaomba wapunguze mbio na mizaha ya ndani kwa ndani. Saa za vikao tunazizungusha ili asiwe mtu yuleyule anayekesha kila wiki.

Tahadhari moja: msianze kugawa watu kwa nchi, kwamba hawa ni wapole na wale wana maneno. Nina wawili waliotoka nchi moja. Mmoja hunikatiza, mwingine huomba radhi kabla ya kusalimia. Muulize mtu mwenyewe: ukiona nakosea, utaniambiaje?

Mwenzangu wa safu ya tarehe nilimuuliza hivyo hivyo. Miezi kadhaa baadaye, jioni ya kuamkia uzinduzi mwingine, akaandika mbele ya wote: "Hapana. Msizindue, hii itaharibika." Hakuna labda. Uso ukanipata moto, nikaandika "ahsante, tunasimama," tukasogeza siku moja tukachunguza. Alikuwa amekosea, hapakuwa na tatizo lolote. Nikamwandikia ahsante nyingine, palepale mbele ya wote.