Picha sita, rangi nane: maswali yenu ya terminali

Nachapa fulana kwa skrini. Mteja ameleta picha sita, zote zitumie rangi nane zilezile. Nikiweka `-colors 8`, kila picha inatoka na nane zake. Nakosea wapi? (Fundi fulana, Mwanza)

Amri ni sahihi, fundi, mpangilio ndio mbaya. ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri, huipunguza kila picha peke yake, kwa hiyo sita zinaweza kukuletea rangi 48, na kwako kila rangi ni skrini nyingine. Paleti, yaani orodha ya rangi zitakazotumika, itoke kwanza kwenye picha zote, ndipo kila moja ilazimishwe kuifuata:

```
magick *.png +dither -colors 64 -unique-colors +append \
  -colors 8 -unique-colors ../paleti.png
mkdir -p tayari
for f in *.png; do
  magick "$f" +dither -remap ../paleti.png "tayari/$f"
done
```

Amri ya kwanza inabakiza rangi zisizozidi 64 kwa kila picha, pikseli moja kwa kila rangi, inaziunga kuwa utepe, halafu utepe wenyewe unapunguzwa hadi nane. Wengi huunga picha nzima nzima. Inakubali, lakini picha moja kubwa yenye anga tupu inajaza paleti bluu, na ule wekundu mdogo wa nembo unapotea. Kwenye utepe, picha kubwa na ndogo zinaingia karibu sawa.

Fungua paleti.png uivute karibu: kimo pikseli moja, upana nane. Rangi ya mteja isipokuwemo utaiona hapo hapo, kabla hujamwaga wino. Nimeiweka nje ya folda makusudi. Ikibaki ndani, ukirudia amri itahesabiwa kama picha ya saba.

Picha zangu zimejaa chembechembe kama mchanga. (Mwanafunzi, Eldoret)

Programu inachanganya nukta za rangi mbili ili jicho lione ya tatu. Kwenye sura za watu na anga iache, inasaidia. Kwenye nembo na uchapaji izime kwa `+dither`, kabla ya `-remap`. Ndiyo, alama ya kujumlisha ndiyo inayozima. Hata mimi ilinichukua muda kuizoea.

Mbona hutumii mogrify, ile amri nyingine ya ImageMagick? Ni mstari mmoja tu. (Mvivu wa Tanga)

Kwa sababu inaandika juu ya faili lako la asili bila kuuliza. Niliwahi kuzigeuza picha za harusi ya binamu kuwa rangi 16, na nakala sikuwa nayo. Ukiing'ang'ania, weka `-path tayari`.

Nimehifadhi JPEG, nikihesabu rangi napata maelfu! (Dada wa duka la kanga, Mombasa)

JPEG ikibana picha huzalisha rangi mpya, dada, hasa kwenye kingo za maandishi ya kanga. Hifadhi PNG, kisha hesabu:

```
magick identify -format '%k %f\n' tayari/*.png
```

Namba ikiwa chini ya nane usishtuke, si kila picha inahitaji rangi zote.

GIF yangu inapepesa rangi kila fremu. (Mchora katuni)

Kila fremu ya GIF inaweza kubeba jedwali lake la rangi, mwisho 256, na hapo ndipo mpepeso unapotoka. Zipe moja la pamoja:

```
magick -delay 10 fremu*.png +dither +remap katuni.gif
```

Fremu ziite 01, 02, 03. Ukiandika 1, 2, 3, ya 10 itatangulia ya 2 na mhusika wako ataruka kabla ya kuchuchumaa.