Ini la uigaji linalosambaratika likiguswa: kagua ujazo kabla ya uso

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba ini ulilolitoa kwenye picha za CT (skani ya eksirei inayoonyesha mwili vipande kwa vipande) linapendeza likiwa limetulia, ila ukilisukuma kwa chombo ndani ya programu linatetemeka kisha linasambaratika. Nimeunda maini ya namna hiyo kwa mafunzo ya upasuaji wa matundu madogo, na ninaamini tatizo lako haliko kwenye uso wa umbo bali kwenye ujazo wake.

Algoriti ya marching cubes uliyosema umeitumia, ambayo Lorensen na Cline waliichapisha mwaka 1987, hutoa ganda tupu la pembetatu lenye ngazi ngazi, hasa vipande vya skani vinapokuwa na unene wa milimita 5 ilhali pikseli haifiki hata milimita 1. Ukizilainisha ngazi hizo kwa njia ya Laplace peke yake, yaani kusogeza kila ncha kuelekea wastani wa jirani zake, umbo husinyaa kila mzunguko na mishipa myembamba hutangulia kupotea. Njia ya Taubin ya mwaka 1995 hulinda ujazo vizuri zaidi.

Kazi kubwa huanza unapolijaza ganda hilo tetrahedroni, yaani piramidi ndogo zenye nyuso nne za pembetatu, kwa programu kama TetGen au Gmsh. Hujitokeza tetrahedroni bapa, ambazo ncha zake nne zinakaribia kulala kwenye sakafu moja na ujazo wake unakaribia sifuri. Moja tu ya namna hiyo, ikiwa unakokotoa mwendo kwa njia ya moja kwa moja (explicit), ambapo hali inayofuata hutolewa kwenye hali ya sasa pekee, hulazimisha hatua ya muda iwe ndogo mno, na usipoipunguza ncha zake hurushwa mbali na kuburuta kiungo kizima. Kwa hiyo usiridhike na wastani wa ubora. Tafuta iliyo mbovu kuliko zote.

Vilevile, tenganisha wavu (mesh) wa tetrahedroni wa kukokotoa na wavu wa uso wa kutazamwa. Macho hutosheka na picha 30 kwa sekunde, lakini kifaa kinachorudisha hisia ya mguso mkononi huhitaji nguvu ikokotolewe takribani mara 1,000 kwa sekunde, jambo ambalo wavu mzito hauliwezi. Tumia tetrahedroni chache, kisha ufunge uso laini juu yake, kama programu ya uigaji ya SOFA inavyoruhusu.

Kuhusu namba, tishu laini imejaa maji na haibanwi kirahisi, hivyo watu huweka uwiano wa Poisson (namba inayoonyesha jinsi kitu kinavyotanuka pembeni kikibanwa, ambapo 0.5 ni kisichobanika kabisa) wa 0.499. Kwa tetrahedroni za kawaida ini hukakamaa kupita kiasi, na watu hao hushusha ukakamavu hadi namba isihusiane tena na vipimo vya tishu. Mimi huanza na 0.45.

Lisilopewa uzito unaostahili ni viambatanisho. Ini halielei tumboni: limeshikwa na ligamenti (mikanda ya tishu) kwenye kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na kwenye ukuta wa mbele wa tumbo, na nyuma limeshikamana na vena kava ya chini, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Ligamenti hizo hazionekani vema kwenye CT, kwa hiyo keti na daktari wa upasuaji akuonyeshe zilipo. Tena mgonjwa hupigwa CT akiwa amelala chali na kubana pumzi, wakati katika upasuaji wa matundu tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi, na ini hubadilika umbo kabla halijaguswa.

Anza na tetrahedroni bapa, kisha uweke hapa picha ya pointi za wavu ulizozifunga zisisogee mahali pa ligamenti, tuzitazame.