Usikubali wakukate amana kabla ya kuona risiti

Dada, kama gari ulilokodi lilikaguliwa ulipolirudisha ukaambiwa liko sawa, kisha kesho yake kampuni iliyokukodisha inakata shilingi 40,000 kwenye amana yako kwa mkwaruzo wa bampa, huo ni uonevu. Waandikie leo, usipige simu. Dai fomu ya ukaguzi ya siku uliyolichukua, picha zenye tarehe, na risiti ya gereji. Makadirio ya bei si risiti! Waulize mafundi wawili watatu pale Grogan, eneo la magereji jijini Nairobi, wakutajie bei halisi, wakuandikie. Kampuni ikinyamaza, nenda Mahakama ya Madai Madogo, Milimani: husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na si lazima uwe na wakili. Picha zako za simu usizifute, hata zisizoonekana vizuri.