Usimfanye Banquo malaika

Jioni baada ya vipindi huwa nasoma Macbeth ya Shakespeare na wanafunzi wa kidato cha tano na sita hapa Mtwara. Nikiwaomba wamlinganishe Macbeth na Banquo, jemadari mwenzake, kila kundi jipya huja na jibu lile lile: Macbeth ana tamaa, Banquo ni mwema. Ukiandika hivyo, tamthilia yenyewe hujaigusa.

Rudi Sehemu ya 1, onyesho la 3. Wanakutana na wachawi wakiwa pamoja. Macbeth anaambiwa atakuwa mfalme. Banquo atazaa wafalme, ingawa yeye hatatawala. Hakuna mchawi aliyesema ua. Banquo anaonya papo hapo kwamba nguvu za giza hutuambia ukweli kwenye mambo madogo ili zituangamize kwenye makubwa. Macbeth naye anasema kama bahati inamtaka awe mfalme, basi imvike taji bila yeye kujihangaisha. Maneno mazuri, ila hayafiki mbali: onyesho linalofuata Mfalme Duncan anamtangaza mwanawe Malcolm kuwa mrithi, na Macbeth anaanza kutafuta njia ya kumruka.

Mwanafunzi mmoja alisema Banquo anasubiri mnada wa korosho, Macbeth anauza kwa kangomba, yaani kwa wachuuzi wanaonunua mapema kwa bei ya chini nje ya mnada rasmi. Nililipenda sana jibu hilo, lakini tulilijadili zaidi. Mkulima anayetoa korosho zake kwa kangomba kabla ya msimu mara nyingi amebanwa: ada, ugonjwa, njaa. Macbeth amebanwa na nini? Siku ile ile ametoka kupewa cheo kipya, ubwana wa Cawdor.

Sasa mtazame Banquo kwa makini. Sehemu ya 2, usiku ambao Macbeth anamuua Duncan, anaomba azuiliwe mawazo mabaya yanayomjia akilala. Kumbe hata ndani yake yamo. Sehemu ya 3 anashuku kuwa mwenzake ameupata ufalme kwa hila, lakini hamwambii mtu, anawaza labda na utabiri wake utatimia. Ukimya ule huniuma kila nikiusoma.

Kiingereza cha zamani kikikushinda, tafuta Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi ya 1968, uisome sambamba.

Halafu kaa na Fleance, mwana wa Banquo. Macbeth aliyewaamini wachawi kuhusu taji lake anatuma watu wamuue Banquo na mwanawe, ili utabiri wa pili usitimie. Anataka majaliwa yawe kweli kwake na uongo kwa mwenzake. Baba anauawa, mtoto anatoroka. Insha yako ianzie hapo. Jambia analoliona Macbeth hewani na mzimu wa Banquo kila mtu ataviandika.