Jani lina mizizi, mbona halichipui?

SWALI: Mtaalamu, asalaam aleikum. Jirani alinikatia jani moja la ule mmea wa pesa, unaotambaa wenye majani ya umbo la moyo na madoa ya njano, nikaliweka kwenye chupa ya maji dirishani. Huu ni mwezi wa tatu. Mizizi imejaa chupa, lakini jani la pili silioni. Nilitia asali kijiko kimoja, maji yakanuka nikayamwaga. Nikajaribu aspirini. Wiki jana nimenunua dawa ya chupa ya kuotesha, shilingi 15,000. Niongeze kipimo au nitafute dawa nyingine? (Msomaji, Bombo)

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Usiongeze wala usitafute. Hata ukiimimina chupa yote, jani hilo halitakupa jani la pili, si mwezi huu wala mwakani. Maji yako hayana kosa. Kosa ni pale wembe wa jirani ulipopita.

Kila wiki naletewa kitaluni chupa kama yako, na kila anayeileta ananiuliza dawa. Hakuna anayeniuliza jicho liko wapi. Chukua ule mmea wa jirani, ufuate kijiti cha jani kwa kidole mpaka pale kinaposhikana na shina. Hapo pana uvimbe kama pete, ndicho kifundo. Upande mmoja utagusa kinundu kigumu cha kahawia, ndiyo mwanzo wa mzizi. Sasa tazama kwapani, kati ya kijiti cha jani na shina. Kuna kitone kidogo kilichojificha, pengine huwezi kukiona mpaka ukwangue kidogo kwa ukucha. Hicho ndicho jicho, na shina jipya hutoka hapo.

Jirani alikata kijiti peke yake, kifundo akakiacha kwake. Kikonyo cha jani kina uwezo wa kutoa mizizi, na chako kimeitoa kweli, lakini hakina jicho, na mmea huu hauwezi kujiumbia jicho kutoka kwenye jani. Kwa hiyo jani litakunywa maji, litang'aa, litaishi hata mwaka, kisha litazeeka na kufa likiwa lile lile moja. Kutoa mizizi ni kazi moja, kuchipua ni nyingine. Watu wengi wakiona mzizi hudhani safari imekwisha.

Na kinachonishangaza ni kwamba sisi Waganda tunalijua jambo hili tangu utotoni. Nani amewahi kupanda viazi vitamu kwa majani? Tunakata rando, tunafukia vifundo, ncha tunaiacha nje. Muhogo tunahesabu macho kwenye kipande kabla ya kukitia ardhini. Mutuba, mti wa magome ya kutengenezea nguo, hupandwa kwa kuchomeka gogo bichi ardhini, na sijasikia mzee aliyelipaka asali. Lakini tukiingia sebuleni na chupa ya kioo, akili yote ya shambani tunaiacha mlangoni.

Ipo mimea ambayo jani lake pekee huzaa mmea mzima. Begonia ni mmojawapo, na pia ile yenye majani marefu magumu yaliyosimama kama panga. Huo wa panga, ukikata kipande cha jani lenye ukingo wa njano, watoto wake watatoka kijani kitupu. Ukiutaka ukingo, gawanya shina la chini.

Sasa hizo dawa. Asali ikiwa nzito huzuia vijidudu, ni kweli. Ukiichanganya kwenye chupa ya maji inabaki sukari tu, na sukari ni karamu ya bakteria. Ndiyo harufu uliyoisikia, na ndio ule ute unaoshika vidole ukigusa shina. Soda, kwa wanaoitia, ni sukari hiyo hiyo na asidi juu yake. Aspirini haina homoni ya mizizi. Homoni yenyewe inaitwa oksini, na mmea huitengeneza wenyewe kwenye machipukizi na majani machanga, kisha ikashuka hadi kwenye kidonda ulichokikata. Unga wa kuotesha wenye homoni ya namna hiyo upo, na una kazi yake: vijiti vigumu vinavyooteshwa kwenye mchanga au udongo. Ukiuchovya majini unaoshwa wote, na ukizidisha unachelewesha mizizi badala ya kuiharakisha. Mmea wa pesa hauuhitaji kabisa. Una vinundu vya mizizi tayari.

Hizo chupa zisizoandikwa kilichomo ndani nimewahi kununua moja mwenyewe, kwa hamu ya kujua. Nikaiacha mezani siku mbili. Chini kilituama kitu cha rangi ya chai, juu maji. Nikaweka vipandikizi kumi na dawa hiyo, kumi kwenye maji ya mvua. Vya maji ya mvua vyote vikaota. Vya dawa, vinne vikaoza. Kumi ni vichache, sitaapa kwa hesabu hiyo, lakini fedha yangu sikurudishiwa.

Rudi kwa jirani. Kata shina upana wa kidole kimoja chini ya kifundo, kifundo kizame, jani libaki juu ya maji. Weka vipande vitatu au vinne pamoja, mbali na jua kali. Mizizi ikifika urefu wa pingili moja ya kidole hadi mbili, hamishia kwenye udongo mwepesi na usiuache ukauke wiki mbili za kwanza, kwa sababu mizizi iliyozaliwa majini haijazoea ukavu. Usingoje ijae chupa kama ile yako.

Maji badilisha kila baada ya siku tatu au nne. Mizizi inahitaji hewa, na maji yaliyolala huishiwa hewa. Zaidi ya hapo, mbu hupenda vyombo vidogo vya maji tuli, na yai hufika kuwa mbu mzima kwa wiki moja na ushee. Tunaishi nchi ya msitu wa Zika, karibu na Entebbe, ambako kirusi cha Zika, kinachoenezwa na mbu, kiligunduliwa 1947. Chupa kumi za dirishani zilizosahauliwa si urembo tena.

Kwako hasara ni shilingi 15,000. Wapo wanaopoteza shamba. Kahawa ya robusta ya vipandikizi, zile aina zinazoitwa KR, za watafiti wa kahawa wa Kituza kule Mukono, hukatwa kwenye chipukizi lililosimama wima. Tawi la pembeni nalo huota mizizi vizuri tu, mche unapendeza mfukoni, ila huendelea kulala kama tawi lilivyolala. Kuna mteja wangu aliuziwa miche ya namna hiyo ya kutosha nusu eka, na chupa ya dawa kama zawadi. Mwaka wa tatu sasa, kahawa yake inatambaa kama boga. Nusu ameing'oa. Nusu nyingine ameifunga kwenye fito, na anaendelea kuinyunyizia ile chupa.