Kuuza .308 ili ununue .300 Win Mag au 6.5 Creedmoor kwa pori la Tabora: jibu refu

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo. Una .308 Winchester na unataka kuiuza. Unachagua kati ya .300 Winchester Magnum na 6.5 Creedmoor kwa ajili ya kongoni, palahala na pofu upande wa Sikonge na Kaliua, na unataka bunduki hiyo hiyo ikufae kwenye uwanja wa shabaha kuanzia mita 300 hadi 600. Mwisho umeuliza kama .300 inaweza kuangusha nyati. Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo linaloweza kumuua mtu.

Kwa nyati, .300 haifai na hairuhusiwi. Kanuni zetu za uwindaji zinataka kaliba, yaani kipenyo cha risasi kwa inchi, isiyopungua .375 kwa nyati, tembo na simba, na sababu yake ni ya kitaalamu kabisa. Kichwa, yaani ile sehemu ya risasi inayoruka, cha .300 Win Mag cha greni 180 (greni ni kipimo cha uzito) kina uzito wa gramu 11.7 na kinatoka mtutuni kwa karibu mita 900 kwa sekunde. Kichwa cha .375 H&H cha greni 300 kina gramu 19.4 na kinatoka kwa karibu mita 770 kwa sekunde. Ukipiga hesabu ya nguvu, ya kwanza ina kama jouli 4,700 na ya pili kama jouli 5,800. Wengi wanaishia hapo na kusema tofauti si kubwa. Lakini nyati ana ngozi nene, matope makavu juu yake, na mbavu pana zinazokaribiana. Kichwa chepesi chenye mwendo mkali kikigonga mfupa wa bega kwa mita 40 kinafunguka haraka mno na kuishiwa nguvu kabla ya kufika kwenye mapafu ya upande wa pili. Kichwa kizito na kinene kinaendelea kusukuma. Nyati aliyejeruhiwa si hatari kwako peke yako, ni hatari pia kwa mfuata nyayo anayetangulia mbele yako kwenye majani marefu.

9.3x62 Mauser wazee wanaipenda, na wana haki ya kuipenda. Otto Bock aliitengeneza mwaka 1905 kwa ajili ya walowezi wa Kijerumani huku Afrika, na kichwa chake cha greni 286 kwa mita 720 kwa sekunde kinaingia ndani sana. Lakini kipenyo chake ni inchi 0.366. Kwa namba iko chini ya .375, basi iondoe kwenye hesabu yako ya nyati.

Sasa wanyama wako wa kawaida. Kabla ya kulinganisha risasi, linganisha umbali. Pori letu la miombo, lile la mitundu, miyombo na mininga, halikupi mita 300. Kiangazi baada ya moto kupita, Agosti hadi Oktoba, unaona mita 100 hadi 150 kati ya mashina. Mvua za Novemba zikianza na majani kurudi, unashuka hadi mita 40 au 60. Mahali pekee penye upeo mrefu ni kwenye mbuga, yaani mabonde ya majani yaliyo wazi, na huko kongoni atakusimamia mita 200, mara chache 250. Wenzetu wa Kigoma kwenye tambarare za Malagarasi wanapata upeo mrefu zaidi, ila huko tatizo linakuwa maji na mafunjo.

Chukua bunduki tatu, zote zimepigwa ziro mita 100, yaani darubini imerekebishwa risasi igonge palepale unapolenga kwenye umbali huo, darubini ikiwa sentimita 4 juu ya mtutu. Kwenye mita 200, .308 yenye greni 180 itashuka kama sentimita 15, Creedmoor yenye greni 143 kama 13, na .300 Win Mag yenye greni 180 kama 10. Kwenye mita 300 zinakuwa karibu 50, 45 na 37. Sasa angalia mita 150, ambako wanyama wako wengi watapigwa: tofauti kati ya .308 na .300 haifiki sentimita 2. Eneo la moyo na mapafu la kongoni ni pana kuliko sahani ya wali. Hizo sentimita 2 hutaziona, ila bega lako litaona tofauti nyingine: .308 inasukuma kwa kama jouli 23, .300 kwa kama 35, bunduki zikiwa na uzito unaofanana. Mtu akishaanza kuogopa teke la kitako, anafumba macho kabla ya risasi kutoka na kuvuta triga kwa pupa. Risasi zinazopita juu ya mgongo wa mnyama nyingi zinatokana na hapo.

Wauzaji watakuambia ufunge kipunguza msukumo mdomoni mwa mtutu. Kinapunguza kweli, lakini kinarudisha mlio pembeni na nyuma, moja kwa moja kwenye masikio ya mfuata nyayo aliyesimama hatua moja kutoka kwako bila kinga yoyote. Kwa uwindaji wa miguu wa huku kwetu sikubaliani nacho kabisa.

Kwa hiyo usiuze .308. Ikitokea bunduki yenyewe imechoka, mtutu umelika, basi nunua .30-06, inakupa kama mita 25 kwa sekunde zaidi kwa kichwa hicho hicho cha greni 180, na ni kaliba ya mwaka 1906 ambayo maduka ya silaha yameizoea. Hilo la upatikanaji lipe uzito. Leseni yako ya silaha inataja kaliba. Ukishabadilisha, risasi za kaliba nyingine huuziwi, na bunduki nzuri isiyo na risasi inakaa kabatini msimu mzima.

Creedmoor ninaiheshimu, ila mahali pake ni uwanjani. Ilitoka mwaka 2007 ikiwa imebuniwa kwa ajili ya mashindano ya shabaha. Kichwa chake ni chembamba na kirefu, kinakata hewa vizuri, na michirizi ya ndani ya mtutu inazunguka mara moja kila inchi 8 ili kukituliza. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa unaisogeza kama sentimita 18 kwenye mita 300, wakati .308 inasogea kama 22. Bado si jambo kubwa. Kwenye mita 600 ndipo pengo linafunguka, na huko mpiga shabaha wa Creedmoor anasamehewa makosa ya kusoma upepo ambayo wa .308 hasamehewi. Kama mita 600 ndizo zinazokusukuma hasa, inunue iwe bunduki ya pili ya uwanjani. Ila ujue mtutu wake unachakaa mapema: kwa usahihi wa mashindano watu wanahesabu kama risasi 2,500 hadi 3,000, na .308 inakwenda hadi 5,000. Kwa pofu dume anayeweza kufika kilo 800, gramu 9 za Creedmoor ni kidogo, hata kama kuna mtu mahali fulani ameangusha mmoja nayo.

Jambo ambalo hukuuliza, na ndilo lenye uzito kuliko kaliba, ni aina ya kichwa. Usiende porini na risasi za shabaha zenye tundu dogo nchani, hata kama ndizo zinazotoa matundu matatu yaliyogusana kwenye karatasi. Lile tundu halikuwekwa ili kichwa kifunguke kwa mpangilio, ni matokeo ya jinsi kinavyotengenezwa. Ndani ya mnyama kinaweza kupasuka juu juu, au kupita kama sindano bila kufunguka. Kwa swala pala, tohe na ngiri, softi ya kawaida (kichwa chenye ncha laini kinachofunguka ndani ya mnyama) ya greni 150 au 165 inatosha kwenye .308. Kwa palahala, korongo na pofu, tumia greni 180 iliyojengwa kwa nguvu: iwe ile ambayo madini yake ya risasi ya ndani yameunganishwa na koti la shaba, iwe yenye ukuta katikati kama Nosler Partition, ambayo iko sokoni tangu 1948, au ya shaba tupu kama Barnes. Hizo zinafunguka kwa mbele huku kitako kikibaki kizima kusukuma ndani.

Ukibadilisha aina ya kichwa, piga ziro upya. Greni 180 za viwanda viwili tofauti zinaweza kuachana sentimita 5 hadi 8 kwenye mita 100, na si juu na chini tu, hata kushoto na kulia.

Ziro yenyewe fanya hivi. Toa bolti, lile komeo linalofunga nyuma ya mtutu, weka bunduki kwenye mifuko ya mchanga, tazama kupitia mtutu hadi uone karatasi ya mita 25 katikati, kisha sogeza msalaba wa darubini uifuate bila kugusa bunduki. Rudisha bolti, piga moja. Rekebisha. Nenda mita 100 piga tatu, acha mtutu upoe hadi uweze kuushika kwa kiganja bila kuunguzwa, ndipo urekebishe tena. Darubini nyingi zina mbofyo wa robo dakika ya pembe (si ya saa), ambao ni kama milimita 7 kwenye mita 100, na kwenye mita 25 ni chini ya milimita 2. Kwa hiyo ukirekebisha mita 25 unahitaji mibofyo mara nne kwa kosa la kipimo kilekile, hapo wengi wanapotea na kumaliza boksi zima. Kwa .308 ya pori letu, acha risasi zipige sentimita 4 juu ya kitovu kwenye mita 100. Zitakata msalaba karibu mita 160 na kuwa kama sentimita 7 chini kwenye 200. Hapo unalenga katikati ya kifua kuanzia mita 20 hadi 200 bila hesabu yoyote.

Risasi ya kwanza kutoka mtutu uliosafishwa na kupakwa mafuta haiendi pamoja na zinazofuata. Futa mafuta kwa kitambaa kikavu, piga moja au mbili kwenye karatasi, kisha usisafishe tena mpaka safari iishe, labda uwe umenyeshewa. Na kagua skrubu za darubini kila jioni. Barabara za porini zinatikisa gari kutwa nzima, na skrubu moja ya kishikio ikilegea, bunduki nzima inaonekana imeharibika. Zikaze kiasi, kama nyutoni-mita 2. Ukizidisha unaminya bomba la darubini na ziro inaanza kutembea.

Joto nalo. Risasi zilizoachwa juu ya dashibodi ya gari lililofungwa mchana wa Oktoba zinapata joto la kupita nyuzi 60, na baruti yenye joto inaungua haraka na kutoa shinikizo kubwa zaidi. Dalili ni bolti kuwa ngumu kuinua, fataki, kile kiwashio kwenye kitako cha ganda, kubanwa hadi kingo zake zikapotea, na alama inayong'aa kwenye kitako cha ganda. Ukiziona, acha kupiga, weka risasi kivulini. Usizihifadhi kwenye mkanda wa ngozi kwa miezi: ngozi inatoa kutu ya kijani kwenye shaba, na ganda lenye kutu linakwama chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, siku unayolihitaji litoke upesi.

Ukija kutaka nyati baadaye, .375 H&H ya mwaka 1912 ndiyo bunduki moja inayofanya kazi zote za mkoa huu. Ikiwa na kichwa cha greni 270 au 300, anguko lake hadi mita 200 halitofautiani sana na la .30-06 yenye greni 180. Ganda lake ni refu, risasi nzima inafika milimita 91, hivyo bolti inasafiri safari ndefu. Asiyezoea anaivuta nusu, risasi ya pili haipandi, anafunga kwenye chemba tupu. Zoeza mkono kwa risasi bandia hadi kuvuta nyuma kabisa kuwe tabia. Chagua darubini ya ukuzaji mdogo, 1.5 hadi 5, yenye nafasi ya angalau sentimita 9 kutoka jichoni, vinginevyo itakukata nyusi.

Kwa nyati aliyesimama ubavu, fuata mstari wa mguu wa mbele, panda theluthi moja ya kimo cha mwili. Ya kwanza iwe softi nzuri, hasa akiwa ndani ya kundi, kwa sababu solidi, yaani kichwa kigumu kisichofunguka, inaweza kumpita na kumjeruhi aliye nyuma. Zinazofuata ziwe solidi, maana sasa anakimbia na unampiga kwa nyuma. Endelea kupiga hata akiwa chini.

Na solidi, kama ilivyo .308 kwenye kifua cha tohe, haiishii kwa mnyama. Mapori haya yana warina asali. Mizinga iko mitini kila upande, na mtu anaweza kuwa juu ya mti mita 300 mbele yako akiwa kimya kabisa. Usipige mnyama aliyesimama kwenye ukingo wa mwinuko na anga nyuma yake. Usipige kupitia vichaka ukiamini kichwa kizito kitapasua njia: vyote vinapinda vikigusa kijiti, hata .458.

Ukiwa na bunduki mbili, risasi zake zisikae kwenye mfuko mmoja. .308 inaweza kuingia kwenye chemba ya .30-06 na ikilipuka humo ganda linaweza kupasuka. Soma maandishi ya kitako cha ganda, si boksi.

Kwa safari yako ya mwaka huu, nunua risasi 60 za .308, greni 180, zenye namba moja ya toleo, ile iliyopigwa muhuri kwenye mkunjo wa boksi. 20 za ziro, 20 za mazoezi ukiwa umesimama na kuegemea fimbo tatu za kuegeshea bunduki, kwa kuwa hivyo ndivyo utakavyopiga porini na si ukiwa mezani, na 20 za kuondoka nazo. Hakikisha eneo lililoandikwa kwenye leseni yako ya uwindaji haligusi Ugalla iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, huko hakuna uwindaji. Ukishapiga ziro, weka hapa picha ya karatasi ya mita 100 pamoja na aina ya risasi na darubini, tuone matundu yamekaaje.