Bakteria hawamalizi zebaki bustanini

Ndugu, umeuliza kama bakteria wa udongo wataondoa zebaki kwenye bustani yako ya mchicha, hapo Geita jirani na karasha, yaani mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Wataishika, hawataimaliza. Ukuta wa bakteria una chaji hasi, kwa hiyo ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za metali kama zebaki, zenye chaji chanya, hunata hapo. Nyingine huingia ndani kabisa na kufungwa na protini. Bakteria akifa akaoza, sumu inarudi udongoni ileile. Wapo wanaoigeuza zebaki kuwa mvuke, ila nao ni sumu ukivutwa. Tafadhali, usiwalishe watoto mchicha huo kabla udongo haujapimwa maabara. Kwa sasa panda kwenye viroba, udongo uchukue mbali na marudio (mabaki ya mawe yaliyosagwa baada ya dhahabu kutolewa), na maji ya karasha yasifike bustanini.